Mama Yuko Nyuma ya Ukuta

Juzi hapa sokoni Tukuyu, jirani yangu wa meza, Tumpe, alipasua nazi. Nazi zinasafiri mbali sana hadi kutufikia huku milimani, na ile ilikuwa imeshaoza ndani. Maji yalitoka ya kijivu, mazito kama makamasi. Harufu ilinifikia kabla sijageuka kuona ni nini. Niliacha mikungu yangu ya ndizi, nikainama nyuma ya gunia la mkaa la mtu, nikatapika chai yote na andazi lake.

"Mwe! Mtu mzima na mimba ya uzeeni!" Tumpe akapaza sauti, wateja wakacheka. "Mwenye mzigo ni nani, dada? Tumjue tumdai sabuni."

"Funika hiyo takataka, Tumpe."

"Ni nazi tu hii. Nazi inakutapisha wewe, uliyezoea kupangua ndizi mbovu?"

Ningemwambia nini katikati ya soko? Kwamba kwangu mimi ile si harufu ya nazi, ni harufu ya mashimo ya makumbi kule pwani, na kwamba ndiyo harufu ya mwisho mama yangu kuivuta? Nilisukutua mdomo, nikarudi kwenye ndizi zangu. Lakini harufu ile imenikaa kooni mpaka leo, chai hainyweki, ugali haupiti. Nimeona niiandike yote, na majina niyaandike. Nimeishia darasa la tatu, mwandiko wangu ni kama kuku kakanyaga majivu, ila majina ya watu walionikosea sijayasahau. Jina la kijiji kile cha pwani ndilo sitalitaja, maana watu wake hawakunikosea kitu.

Ninyi wa umri wangu mnaikumbuka miaka ile tulipoambiwa sasa ni ruksa. Jana yake tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, mara maduka yakajaa mpaka barazani. Mitumba ikamwagwa chini sokoni kama majani ya chai, watu wakawa wanainama kuchambua suruali za Wazungu waliokufa, maana ndivyo tulivyoamini watoto, kwamba ni nguo za maiti. Aliyekuwa na baiskeli akafungua duka, aliyekuwa na duka akanunua gari. Na hospitali, ambako mama zetu walikuwa wanaingia na mtoto mgongoni basi, ikaanza kukuuliza kwanza umekuja na nini.

Ambakisye wa kwetu Lufingo ndiye aliyeionja miaka ile akaiona tamu kuliko wote. Alikuwa na lori moja kuukuu. Alianza kubeba chumvi, akaingia mitumba, akaingia samaki wakavu wa pwani. Alipoona watu wengi wanaumwa na hospitali inawashinda, akaanza kuuza safari. Alisema huko anakochukua samaki kuna magofu ya watu wa kale sana, walioishi kabla hata ya Wajerumani waliotujengea boma hapa Tukuyu, na ndani ya magofu kuna kisima. Maji yake yanaponya. Kipofu ananawa anaona, tasa anakunywa anazaa.

Watu wasingemwamini Ambakisye peke yake, maana walishanunua kwake samaki wenye funza. Aliyemfanya aaminike ni Asegelile, mwalimu wa kanisa letu, mtu mwenye mafuta mengi kichwani na leso nyeupe mfukoni. Jumapili moja alisimama akatusomea habari za Naamani mwenye ukoma aliyekwenda kujichovya katika mto wa nchi ya watu, akapona. "Naamani angebaki kwao akinywa maji ya kwao," alisema, "angekufa na ukoma wake." Watu wakaitikia. Fikiria, watu wa Rungwe hao! Nchi inayonyeshewa mvua mpaka godoro linaota ukungu, yenye chemchemi kila bonde, na ziwa la Kisiba pale limejaa mpaka ukingoni, maji baridi ya kukupasua meno. Ndio tuliopakiwa kwenye lori kwenda kunywa maji ya chumvi.

Mimi nilipakiwa kwa sababu ya mguu. Nilikuwa na kidonda chini ya goti kilichokataa kupona, kinachotoa maji mchana kutwa na kunuka. Shuleni mwalimu alinihamishia dawati la mwisho, kisha mlangoni, kisha nje ya mlango, na mimi nikaona kama ndivyo basi bora nyumbani. Watoto walikuwa wakiniona wanabana pua na kuimba. Mtu mmoja tu duniani ndiye hakuwahi kukunja uso mbele ya mguu wangu, na huyo ni mama. Kila asubuhi aliuweka mapajani mwake, akauosha kwa maji ya majani ya mpera, akiuinamia karibu kabisa kama mtu anayechambua mchele. "Nanuka, mama," nilimwambia siku moja. Akasema, "Unanuka wewe au unanuka mguu? Mguu utapona, wewe utabaki."

Naye alikuwa na lake. Mimba zilikuwa zinamtoka. Baba yangu alikwenda Chunya kwenye dhahabu, akawa anatuma salamu tu, na kila salamu ilikuwa na swali la mtoto wa kiume.

Wa tatu wetu alikuwa babu, baba wa baba yangu. Yeye alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, yameganda meupe kama maziwa ya mgando. Alikuwa anaona mwanga na giza basi, na mimi ndiye nilikuwa fimbo yake. "Mke wangu," alikuwa ananiita, kama babu wote wanavyowatania wajukuu wao, "niongoze vizuri, ukiniangusha nakuacha naoa mwingine."

Sasa hapa niwaeleze kitu, maana vijana wa leo wanapeana mikono na wakwe zao na kupiga nao picha. Kwetu mwanamke humwogopa baba wa mumewe. Si kuogopa kipigo. Hamtazami, hali mbele yake, halitaji jina lake, na akisikia anakuja njiani anaingia mgombani na kujifunika kanga mpaka apite. Mzee naye hamtazami mkwewe wala hasemi naye. Akikaribia nyumba yake anakohoa kutoka mbali, ili mwenzake apate muda wa kupotea. Wengi walikuwa wameshalegeza, lakini babu yangu na mama yangu waliishika barabara. Tangu mama aje kuolewa, nikazaliwa, nikakua, walikuwa wanaishi kwenye ua mmoja na hawajawahi kuonana uso. Hata macho ya babu yalipoganda kabisa, akikohoa tu, mama anaruka.

Mimi kwa akili zangu nilidhani wanacheza kombolela. Nilidhani ni mchezo wao wawili, ulioanza zamani, na mama ndiye bingwa wa kujificha. Nilikuwa namhurumia babu kwa sababu hakumpata hata siku moja.

Basi Ambakisye akatupanga: babu mbele na dereva na Asegelile aliyetusindikiza kwa maombi, mama nyuma kabisa kwenye kona ya bodi, kichwa ndani ya kanga, na katikati wagonjwa wengine, watu wa Lufingo na wa Kisiba na mama mmoja wa mjini. Lile lori lilikuwa limetoka kushusha samaki juzi yake na halikuoshwa. Sakafu ilikuwa inateleza magamba. Wagonjwa walitapika kabla hata hatujafika Mbeya, na matapishi yakawa yanatembea, lori likipanda yanaenda nyuma, likishuka yanarudi mbele. Kila tuliposimama watu wakimbie vichakani, mama alikuwa anabaki ndani, kwa sababu babu alikuwa ameshushwa anyooshe miguu kando ya lori. Pale Makambako babu alisimama muda mrefu akitafuna mahindi ya kuchoma na kusifia baridi. Mama aliuma kanga yake mpaka machozi yakamtoka. Mimi nikamnong'oneza, "Usitoke, mama, hajakuona."

Nilikuwa nimeahidiwa bahari. Nilipofika, bahari haikuwepo. Maji yalikuwa yamekupwa, yameacha matope meusi mpaka macho yanapoishia, na kaa wadogo wanakimbia upande upande kama chawa. Na ile harufu. Wanawake wa kijiji walikuwa wamesimama magotini ndani ya matope wakifukua makumbi ya nazi. Wanayazika wenyewe kwenye mashimo miezi mingi yaoze, kisha wanayafukua na kuyaponda kwa magongo wapate nyuzi za kusokotea kamba. Kila gongo likishuka, maji yaliyooza yanaruka usoni. Sijawahi kunusa kitu kama kile, na mimi nilikuwa mtu wa kutembea na kidonda. Mmoja wao, mama mnene mwenye kicheko, aliuona mguu wangu, akapiga kelele kutoka shimoni, "Shangazi wee, njoo nikuoshee na maji ya chumvi, dawa hiyo!" Nilijificha nyuma ya babu. Baadaye nilikuja kumjua, anaitwa Mwajuma.

Magofu yalikuwa mbele ya kijiji, ndani ya vichaka. Watu siku hizi wanakwenda kule kutalii, wanapiga picha wakiwa wamekaa juu ya kuta na kucheka. Mimi niliona nyumba zisizo na paa, miti imeota vyumbani, mizizi imeshika kuta kama mkono unavyokaba shingo. Mawe yenyewe yana vitundu vitundu, na Ambakisye akatuambia si mawe, ni mifupa ya wadudu wa baharini. Kulikuwa na makaburi yenye nguzo ndefu, na kwenye nguzo mashimo ya duara ambako zamani yalipachikwa mabakuli, yameng'olewa yote, kama ufizi wa mzee. Kwetu wafu tunawalaza karibu na nyumba, kwenye migomba, wanasikia tunavyoongea. Hawa walikuwa wameachiwa mbuzi. Popo walikuwa wamejaa kwenye kibla cha msikiti uliobomoka, na chini mavi yao yamerundikana, laini, unakanyaga unazama.

Kisima kilikuwa nyuma ya msikiti. Mdomo wake ulikuwa umefunikwa kwa matawi ya miiba, na kwenye miiba kimefungwa kitambaa chekundu.

"Mnaona?" Ambakisye akasema. "Wenyeji wenyewe wanaweka nadhiri hapa. Kitambaa hiki ni shukrani ya aliyepona."

Na sisi watu wa milimani tukaamini, maana tulishasikia kwamba watu wa pwani wanafunga vitambaa mahali patakatifu. Mama alichana upindo wa kanga yake, akaufunga kando ya kile chekundu, midomo ikisema maombi yake. Wengine nao wakafunga. Kisha Ambakisye akaisogeza miiba kwa buti.

Yule Mwajuma alikuwa ametufuata kwa mbali, matope mpaka mapajani. "Nyie wa bara! Mnafanya nini hapo? Kisima hicho tumekifunga! Kimeua mbuzi, kimeharisha watoto, kitambaa chote kile hamkioni?"

"Tunakiona, mama, ahsante," Ambakisye akajibu kwa heshima zote. Kisha akatugeukia, akasema kwa Kinyakyusa ili yule mama asimwelewe: "Wana wivu hawa. Hawataki baraka ipande kwenda kwetu."

Kwa hiyo alijua. Hilo nataka lisomeke vizuri. Ambakisye aliambiwa kwa Kiswahili safi, mchana kweupe, na akalitafsiri atakavyo.

Maji yalipanda kwenye ndoo yakiwa ya kijani, viluwiluwi vinacheza ndani. Asegelile akayaombea, akatoa utaratibu: wenye vidonda na macho wanawe, wenye maradhi ya ndani wanywe. Yeye hakunywa, alisema haumwi. Babu akanawa macho. Mimi nikamwagiwa mguuni. Mama akanywa kikombe, akakunja uso kwa mara ya kwanza nimwone akikunja uso, halafu akaomba cha pili, kwa ajili ya yule mtoto wa kiume.

Tulilala mle mle magofuni, wanaume upande wa lango, wanawake ndani. Kulipopambazuka watu walikuwa wameshaanza kuharisha. Mwanzo waliaibika, wakawa wanakimbilia vichakani. Baadaye wakaacha kukimbia. Kuta zile zilikuwa zinarudisha kila sauti, na nzi walikuja kama walioalikwa. Ambakisye alikuwa amekaa juu ya bodi ya lori akila samaki wa kukaanga aliyemfunga kwenye gazeti, mafuta yanamtiririka kwenye kifundo cha mkono, anayalamba. Alipomaliza alijifuta kwenye suruali, akasema anakwenda kutafuta daktari. Lori likawaka. Wagonjwa hakupakia hata mmoja. Madumu ya maji ya kisima aliyapakia yote, nilimwona akiyapanga kwa mkono wake na kuyafunga kamba ili yasimwagike njiani.

Watu wa kijiji ndio waliokuja. Walikuja na vitanda vya kamba, wakawa wanawalaza wagonjwa na kuwabeba mabegani kwenda zahanati, ng'ambo ya yale matope. Asegelile akasimama langoni, leso puani, akiwaonyesha wa kubebwa. Mama hakuwa miongoni mwao. Alikuwa amejivuta mpaka chumba cha mwisho kabisa cha ndani, nyuma ya ukuta, kwa sababu babu alikuwa amekaa langoni. Na lango lilikuwa moja.

Nikamwendea Asegelile. "Mwalimu, mama naye anaumwa."

"Yuko wapi?"

"Ndani. Hawezi kutoka, babu yuko mlangoni."

Asegelile akamtazama babu, akatazama ndani, leso haijaondoka puani. "Hali yenyewe ile apitishwe mbele ya mkwewe? Ni aibu ya ukoo mzima. Mwambie asubiri mzee aondoke." Kisha akafuata kitanda kilichokuwa kinaondoka, akiruka ruka asichafue viatu. Neno moja kwa babu hakusema. Angesema neno moja tu.

Na babu alikuwa haondoki. Walikuja wakamwambia, mzee, twende kijijini ukapumzike. Akakataa. "Mke wa mwanangu yumo humu ndani," alisema. "Nitamwachaje peke yake? Akitoka, nami nitatoka."

Nikaenda kumwambia mama. Alikuwa ameegemea ukuta, macho yameingia ndani, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo siku nzima. Chini yake palikuwa pamelowa, maji meupe kama ya kuosha mchele, na aliponiona aliivuta kanga kufunika.

"Babu anasema hatoki mpaka utoke."

"Mwambie atangulie. Mwambie mimi napumzika."

"Nimwambie unaharisha?"

"Ole wako!" Hata sauti alikuwa hana, lakini hilo alilisema kwa nguvu. "Mkwe haambiwi mambo hayo. Sema napumzika."

Nikaenda. "Babu, mama anasema utangulie, anapumzika."

"Mwache apumzike. Mimi namlindia mlango."

Nilikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, nikibeba maneno yao. Babu anamlindia mlango, mama anamngojea aondoke mlangoni. Jua likapanda juu ya zile kuta zisizo na paa. Vitanda vikaisha, wabebaji wakaisha, tukabaki watatu na nzi. Nami bado nilikuwa nadhani ni mchezo. Nilidhani mama safari hii anataka kushinda kabisa kabisa, na nilianza kumkasirikia.

Mara ya mwisho nilipoingia hakunijibu. Alikuwa amelala ubavu, mdomo umekauka mpaka umepasuka, na nzi wanatembea kwenye kope zake bila yeye kupepesa. Ndipo niliponusa. Asubuhi yote nilikuwa nimenusa mahali, sikuwa nimemnusa yeye. Nikatoka mbio.

"Babu, mama ananuka."

Akageuka kwa ukali. "Mtoto hasemi hivyo juu ya mama yake!"

"Ananuka kuliko mguu wangu, babu."

Yale macho meupe yakawa yananitafuta hewani. "Anaharisha naye?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri."

"Na mwalimu anajua?"

"Nilimwambia. Alisema asubiri wewe uondoke."

Babu alitoa sauti moja tu, kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Akanishika bega tukaingia. Kwenye mlango wa kile chumba cha ndani akasimama, akakohoa. Akangoja, kama alivyokuwa anangoja nyumbani. Akakohoa tena. Nikaona vidole vya mama vinakwaruza sakafu. Alikuwa anatafuta pa kwenda, na mahali hapakuwepo, ukuta wa mwisho ulikuwa mgongoni mwake.

Babu akavua koti lake, koti zito la mtumba aliloletewa na baba enzi baba alipokuwa bado analeta vitu. "Mfunike kichwa," akaniambia. Nikamfunika. Halafu akageuka, akatuonyesha mgongo, akaingia kinyumenyume, kipofu, akipapasa kwa visigino, mpaka miguu yake ikamgusa. Akapiga magoti. "Mwambie anipande mgongoni. Mwambie simtazami." Hata hapo hakusema naye moja kwa moja, alipitisha kwangu. Nikaivuta mikono ya mama nikaizungusha shingoni mwa mzee, ikawa baridi na mizito, na naapa kuna nguvu kidogo iliyotoka kwake mwenyewe. Babu akasimama naye. Uchafu wa mama ukamtiririka mgongoni, kwenye suruali, ukaingia kwenye viatu. Kila hatua viatu vikawa vinalia.

Nilimwongoza kwa fimbo. Kushoto, babu. Inua mguu, babu, mzizi. Njia ya zahanati inapita katikati ya mashimo ya makumbi, juu ya tuta jembamba la matope, na pande zote mbili maji yaliyooza yanatoa mapovu. Wanawake wakaacha magongo. Mwajuma akaja mbio na dafu lililokatwa, amefumbata chumvi kwenye kiganja cha pili. Akaliinua koti kichwani kwa mama ampe kinywaji, akatazama. Akalishusha tena taratibu.

"Mshushe, baba," akasema. "Mshushe hapa, mwanao amefika."

Mambo ya baadaye ni machafu kuliko hayo makumbi. Wanawake wa kijiji walimwosha mama, wakamzika kwao, mchangani, mbali na mgomba wowote. Jioni hiyo nami nikaanza kuharisha, na Mwajuma akanilaza nyumbani kwake, akanipa dafu na chumvi kijiko kwa kijiko, na akawa anauosha mguu wangu kwa maji ya bahari. Mguu ukakauka. Tuliporudi Lufingo, Asegelile akaniita mbele ya kanisa, akapandisha gauni langu mpaka gotini kwa mkono wake, akasema, "Tazameni maji yalivyomtenda binti huyu! Mama yake alikosa imani, mtoto alikuwa nayo." Na watu wakapiga vigelegele. Ambakisye aliyauza yale madumu hapa hapa Tukuyu, chupa kwa chupa, akanunua lori la pili. Leo ana nyumba ya wageni yenye bati jekundu, na wajukuu zake wananunua ndizi kwangu. Mwenyewe akiniona hupita upande wa pili wa barabara. Baba alikuja kutoka Chunya akauliza kwa nini tulikwenda, akarudi Chunya. Watu wazima wa ukoo walimkalia babu kikao, kwamba amemgusa mkwewe. Wakataka ng'ombe wa kuondoa aibu. Babu akawapa ng'ombe, akatema mate chini mbele yao, na hakukanyaga kanisani tena mpaka kufa kwake.

Lakini pale matopeni, kabla hawajaja kumchukua mama, babu alikaa chini kando yake akiwa amempa mgongo vilevile. Mwajuma alikwenda kutafuta shuka. Tulibaki wenyewe. Nzi walikuwa juu yetu wote, juu ya mguu wangu na juu ya mgongo wa babu, hawakuchagua.

"Mke wangu," babu akasema. "Mama yako anafananaje?"

Sikumwelewa. Nikamwambia amelala.

"Hapana. Uso wake. Nyumbani kwangu amekaa miaka yote hii, amenipikia, chakula chake ninakijua. Uso siujui. Ukoje?"

Ndipo nilipojua haukuwa mchezo. Hakuwahi kumtafuta.

Nilitaka kumweleza nikashindwa, nilikuwa mtoto, nilikuwa sijui mtu anaelezaje uso wa mama yake. Nikamwambia, "Watu wanasema nimefanana naye."

Babu akainua mikono. Ilikuwa michafu, mavi ya mama yamekaukia kwenye vidole, na ilinuka harufu ile ile iliyonitapisha juzi. Akaishika sura yangu, akaipapasa polepole, paji la uso, nyusi, pua, mashavu, kidevu, akarudia tena tangu mwanzo ili asisahau. Nami nikatulia, sikubana pua.